Mbolea ya Mwonyi: Je, Unauza Jani au Unauza Mafuta?

Mnunuzi wetu wa kwanza wa mwonyi, mmea wa dawa tunaoulima, alinunua majani mabichi kwa kilo. Alikuja na pikapu asubuhi, akatundika mizani kwenye mparachichi ulio mbele ya nyumba ya mwenyekiti, akapima magunia, akalipa, akaenda zake. Ukiwa na mnunuzi wa namna hiyo, akili yote inakwenda kwenye uzito, na uzito wa jani unauzwa dukani ndani ya mfuko wa mbolea ya yurea. Tuliweka yurea. Mwonyi ukapanda, majani yakawa mapana ya kijani kizito, magunia yakajaa. Hapo hapakuwa na kosa lolote. Tulikuwa tunauza jani, na jani tulilipata.

Shida ilikuja tulipoanza kuuza mafuta huku tukiendelea kulima kama wauza majani. Naandika haya kwa sababu vikundi vingi vinavyopanda mitishamba ya kienyeji hupitia njia hiyo hiyo, na ni nadra kukuta mtu anayewaambia kwamba siku mnapoweka mtambo wa kupika majani kwa mvuke ili kutoa mafuta, hesabu ya mbolea nayo inabadilika.

Kwa asiyeujua, mwonyi ni jina la huku Kakamega, magharibi mwa Kenya, la mmea wa jamaa ya mrihani na kivumbasi ambao wataalamu huuita Ocimum kilimandscharicum. Jina hilo limetoka kwa Mlima Kilimanjaro, lakini mmea wenyewe hujiotea sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ponda jani vidoleni, harufu ya kafuri inakupanda puani hadi machozi. Kukhu wangu, yaani bibi yangu, aliweka matawi yake kwenye ghala la mahindi kuzuia fukusi, na jioni aliyachoma kufukuza mbu. Biashara yake kwetu si jambo geni pia: Muliru Farmers Conservation Group, wakulima wa kando ya msitu huu wa Kakamega waliofanya kazi na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walianza kuupanda, kuupika na kutengeneza dawa ya kuchua ya Naturub, na mwaka 2010 wakatunukiwa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa (UNDP). Sisi ni kikundi kingine, kidogo, cha akina mama wengi na wanaume wachache wavumilivu. Tuliwatazama tukasema na sisi tunaweza.

Tukachukua mkopo wa kikundi, ambao tungali tunaulipa, tukatengenezewa tanki, koili na pipa la maji baridi. Sasa, huku kwetu tanki lenye moto chini yake, bomba linalopita kwenye maji na kitu kinachodondoka upande wa pili ni jambo ambalo kila mtu analifahamu, na si la mafuta. Siku ya kwanza ya kupika, naibu wa chifu alifika kabla chupa haijapata kitu. Alinusa, akapiga chafya, akaaga.

Tulishindilia majani hadi pomoni, tukachoma kuni tangu asubuhi, na kilichoelea juu ya maji kwenye chupa kilikuwa utando tu. Safari iliyofuata hivyo hivyo. Minong'ono ikaanza. Wengine walisema tanki linavuja mvuke, wengine wakasema fundi ametuibia kwenye koili, na wachache wakaangalia nyumba ya anayelinda mtambo usiku bila kusema lolote. Kuna mama aliyeacha kabisa kuleta majani. Aliniambia, "Katibu, mimi siwezi kulea tanki la watu." Nilikuwa sina jibu. Kuni tulizonunua zilikuwa zinamaliza faida mbele ya macho yangu, maana msituni hatukati, na mikaratusi ya jirani haitolewi bure.

Aliyetufungua macho ni mpwa wa mwenyekiti, kijana anayesomea kemia. Alikuja na kioo cha kukuzia, akatutaka tuweke majani mawili kwenye meza: moja la shamba la yurea, jingine la mwonyi uliojiotea ukingoni mwa njia. Upande wa chini wa jani la mwonyi kuna vifuko vidogo vinavyong'aa kama jasho kwenye pua ya mtoto anayelala. Humo ndimo mafuta yalimo. Jani la ukingoni lilikuwa dogo na gumu, vifuko vimebanana. La shambani lilikuwa pana kupita kiasi, na kati ya kifuko na kifuko kuna uwanja.

Alivyoeleza ni hivi. Vifuko vingi hufanyika jani likiwa changa sana. Likipata naitrojeni, kile kirutubisho kilichomo kwenye yurea, na maji tele, linatanuka upesi, nyama inaongezeka na maji yanaongezeka, lakini vifuko haviongezeki kwa kasi ile ile. Unapata jani zaidi kwa kila mche na mafuta pungufu kwa kila kilo. Usikimbilie kusema basi naitrojeni ni adui. Mmea wenye njaa unatoa majani machache, na vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta ni protini, na protini haitengenezeki bila naitrojeni. La kutafuta ni jibu la kuzidisha namba mbili: kilo za majani kwa ploti, mara mafuta kwa kilo.

Chukua mfano wa hesabu tu. Shamba moja linatoa kilo 1,000 za majani yenye mafuta asilimia 0.5, yaani kilo 5 za mafuta. Shamba la pili, lililoshiba yurea, linatoa kilo 1,500 zenye asilimia 0.35, yaani kilo 5.25. Kwa karatasi la pili limeshinda. Lakini kama tanki lako linabeba kilo 100, la kwanza ni mapishi 10 na la pili ni 15. Robo kilo ya mafuta umeinunua kwa mapishi matano ya ziada: kuni, maji ya kupoozea, na watu wa kukaa motoni. Kisha ongeza bei ya mbolea. Hata ya ruzuku, ambayo serikali ya Kenya iliiteremsha hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2023, bado ni pesa, na usafiri wa bodaboda kutoka kituo cha kuuzia haumo kwenye bei hiyo.

Baada ya kuambiwa hivyo tukakubaliana kujaribu wenyewe badala ya kubishana. Tulitenga vipande vya shamba: kimoja bila kitu, kimoja samadi iliyoiva tu, kimoja samadi na CAN kidogo (mbolea nyingine ya dukani yenye naitrojeni) baada ya kila kukata, kimoja yurea kama tulivyozoea. Nawapa mambo mawili ambayo yangetuharibia jaribio zima kama kijana yule hangekuwa mkali.

Kwanza, mteremko. Mashamba yetu yameinama, na mvua ya Kakamega inabeba rutuba kuishusha bondeni. Kipande cha chini hula cha wenzake. Kwa hiyo kila aina ya mbolea ilipewa vipande kadhaa, vimechanganywa juu, katikati na chini, na kila kimoja kikawekwa kijiti chenye rangi yake. Ukitenga kipande kimoja kimoja utapima mteremko, utadhani umepima mbolea.

Pili, kafuri huganda. Hili sikulijua kabisa. Mafuta ya mwonyi ni kafuri kwa sehemu kubwa, na kafuri ikikutana na koili yenye maji baridi sana hujishika ndani ya bomba, nyeupe, kama barafu laini. Tulikuwa tunavuta mafuta yanayoelea chupani kwa sirinji ya duka la dawa, tunasoma mililita, tunaandika, huku sehemu ya zao imekwama bombani ikisubiri kuhesabiwa kwenye pishi la mtu mwingine! Siku kijana alipofungua kiungo cha koili, alichokwangua kwa ncha ya kijiti kilijaza kiganja. Mlinzi wetu wa usiku hakuwahi kuombwa radhi kwa sauti, lakini siku hiyo chai aliletewa yeye kwanza. Tangu hapo, kuelekea mwisho wa kila pishi tunaacha maji ya pipa yapate joto, mvuke unasukuma kafuri itoke, ndipo tunapima. Mtu akikuambia mbolea fulani imemshushia mafuta, muulize kwanza koili yake aliisafisha vipi.

Matokeo yalifuata mantiki ya kioo, ila si kwa unyoofu niliotarajia. Kipande kisicho na kitu kilikuwa na majani yenye mafuta mengi kuliko yote kwa kilo, na kilo zenyewe chache hata haifai kuwasha moto. Kipande cha yurea kilitoa majani mengi kuliko yote, na pia kililala chini baada ya mvua ya mawe, kikajaa vidukari, na majani ya chini yakaoza kwa kukosa hewa. Cha samadi na CAN kidogo ndicho kilichotulipa, ukishatoa gharama. Samadi peke yake ilikuwa nyuma yake kidogo, na kwa mama asiye na pesa mkononi mimi ningemshauri aishie hapo.

Kuhusu vipimo vya mfukoni, mjue mnanunua nini. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una naitrojeni kilo 23. Wa CAN una takriban kilo 13. Mtu akibadilisha mfuko kwa mfuko anadhani amefanya kitu kile kile, kumbe ametoa karibu nusu. Kwetu kupunguza huko ndiko kulikokuwa kunatakiwa, lakini afadhali ulijue kuliko ukutane nalo kwa bahati.

Wakati wa kuweka una uzito kama kiasi. Sisi tunakata mwonyi ukianza kutoa maua, tunaacha shina refu la kutosha lenye majani machache ili uchipue, na CAN inaingia machipukizi yakitokeza na udongo ukiwa na unyevu. Naitrojeni ya kuchelewa, ile ya kuwekwa karibu na kukata ili gunia lijae, ndiyo inayoleta jani la maji. Na majani yakishakatwa tunayaacha kivulini hadi kesho yake yanyauke. Hayapotezi mafuta ya kutajika, yanapoteza maji, na tanki linabeba zaidi.

Hapo tulikuwa bado tunazungumzia naitrojeni peke yake, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho. Tulipopeleka udongo kupimwa, majibu yalisema una tindikali, kama udongo mwingi wa Magharibi ya Kenya. Kwenye udongo wa hivyo, fosforasi, kirutubisho kingine cha mmea, hushikwa na chuma na aluminiamu. Unaimwaga ya pesa nyingi na mzizi hauipati. Na DAP, mbolea ya fosforasi ambayo sisi sote tunapandia mahindi mwaka baada ya mwaka, huzidisha tindikali yenyewe. Kwa mafuta hili si jambo dogo. Malighafi ambazo mmea huziunganisha kutengeneza kafuri hubebwa na fosfati hadi hatua za mwisho. Kafuri ikikamilika haina fosforasi ndani yake, fosfati inarudi kazini, lakini isipokuwepo kazi inalala. Chokaa ya shambani ilikuwa bei nafuu kuliko mfuko mwingine wa DAP, na ilifungua fosforasi iliyokuwa imelala ardhini. Ukichukua udongo wa kupima, zunguka shamba kwa mwendo wa kupinda-pinda, chimba hadi kama sentimita 20, changanya, na ukae mbali na zizi, kichuguu na mahali mlipokuwa mnachoma taka.

Potasiamu tuliipata chini ya tanki. Majivu ya kuni yana potasiamu, na yanapunguza tindikali kidogo. Mmea huitumia kusafirisha sukari kutoka kwenye jani na kufungua na kufunga vitundu vya kupumulia, kwa hiyo wakati wa jua kali kipande chenye majivu kilinyauka baadaye kuliko vingine. Onyo moja: usichanganye majivu na yurea, CAN au samadi mbichi kwenye ndoo moja. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, hiyo ni naitrojeni yako inaruka kwenda kwa jirani.

Ila lililonifanya nikae chini nikacheka peke yangu ni kuhusu makapi, majani yaliyokwisha kupikwa. Kafuri ni atomi 10 za kaboni, 16 za haidrojeni na 1 ya oksijeni. Basi. Yote yametoka hewani na kwenye maji. Hakuna naitrojeni, hakuna fosforasi, hakuna potasiamu, hakuna salfa. Maana yake, unapouza chupa ya mafuta, huuzi chochote cha shamba lako. Rutuba karibu yote imebaki kwenye makapi yanayofuka moshi kando ya tanki. Zile siku za pikapu na mizani, kila gunia lililoondoka liliondoka na udongo wetu, na yurea tuliyoinunua ilikuwa kwa sehemu kubwa ni kulipia kile tulichokuwa tumeuza jana. Tulipoanza kupika, tungeweza kupunguza mbolea ya dukani siku hiyo hiyo, lakini tulikuwa tunayakausha makapi na kuyachoma tena kama kuni, tukijisifu kwamba hatutupi kitu. Potasiamu na fosforasi hubaki kwenye majivu, sawa. Naitrojeni na salfa vilikuwa vinapanda angani kila tulipowasha.

Sasa makapi yanarudi shambani. Usiyarudishe mabichi na vijiti vyake moja kwa moja kwenye mashina, kwa sababu vijidudu vinavyoyaozesha hukopa naitrojeni ya udongo kwanza, na mwonyi unageuka rangi ya manjano kwa wiki kadhaa. Tunayarundika na samadi, tunayageuza, yakishakuwa meusi ndipo yanatandazwa kati ya mistari. Kuni zimepanda kidogo kwa sababu hiyo, siwafichi. Mbolea ya dukani imeshuka zaidi ya hiyo.

Jambo la pembeni kwa wanaouza aina nyingine ya dondoo. Alikuja mtu akitaka majani makavu ya kuloweka kwenye spiriti, si mafuta. Huko hesabu ni nyingine, kwa sababu kinachotafutwa mara nyingi ni zile kemikali kali za jamii ya tanini, na hizo mmea huzitengeneza kutokana na malighafi ile ile inayoweza kwenda kwenye protini. Naitrojeni ikiwa tele, malighafi inakwenda kwenye protini. Kwa mnunuzi huyo jani la njaa kidogo ndilo jani zuri. Tulimtengea sehemu ya juu ya mteremko ambayo hatuiwekei chochote isipokuwa makapi, na mzee wangu, aliyekuwa akikiita kipande hicho makaburini, ameacha kukitania.

Pia msitegemee mbolea iwabadilishie aina ya mafuta. Kiwango cha kafuri hutawaliwa zaidi na mbegu. Kuna mwonyi wenye kafuri nyingi na kuna unaofanana nao kabisa ambao mafuta yake ni ya harufu nyingine. Kabla ya kununua mfuko wa kwanza, ponda majani ya mche unaotaka kuchukulia mbegu au vipandikizi, na kama mnunuzi ana maabara, mpe sampuli aipime.

Kilichobaki ni malipo, na hapo ndipo tulipogombana zaidi. Kikundi kiliendelea kulipa wanachama kwa kilo za majani hata baada ya kuanza kuuza mafuta, kwa hiyo aliyeweka yurea nyingi alilipwa zaidi na kikundi kikapata hasara kwenye tanki. Wala huwezi kumlaumu. Ndivyo mizani ilivyomwambia. Baada ya mikutano mirefu tumefikia hapa: mwenye majani ya kujaza tanki anapikiwa pishi lake peke yake na analipwa kwa mafuta yake, akitoa ada ya kuni. Wenye kidogo wanaunganisha majani yao kwa mtaa, wanagawana kwa uzito wa majani yaliyonyauka, si mabichi. Na kila anayeleta majani anaondoka na makapi yake, kwa magunia yale yale aliyokuja nayo, kwa sababu tangu watu waelewe yaliyomo ndani yameanza kupotea usiku.